Nyonga imevunjika, je, mkojo unatoka? Jeraha la kibofu linalojificha nyuma ya ajali za bodaboda

Ng'ombe anayeuzwa mnadani Singida, Dodoma au Shinyanga anaweza kumalizia safari yake Vingunguti. Hupakiwa kwenye lori mpaka mnada wa Pugu, na kutoka hapo hupelekwa machinjioni. Vijana wengi wa vijijini nao hufuata njia hiyohiyo. Wanafika Dar es Salaam, wanapanga chumba Vingunguti, Kiwalani au Buguruni, na kazi ya kwanza wanayoipata mara nyingi ni ya kuendesha bodaboda ya mtu mwingine kwa hesabu ya kila siku.

Ndiyo maana leo tunaizungumzia kata moja ya Wilaya ya Ilala kwa ninyi wasikilizaji wetu mlio mbali nayo. Vingunguti ipo karibu na Barabara ya Nyerere, si mbali na makutano ya TAZARA, ambako malori ya bandarini, daladala, bajaji na pikipiki hukutana. Daraja la juu la Mfugale, lililofunguliwa Septemba 2018, limepunguza foleni kwenye makutano hayo. Lakini mitaani bado pikipiki inapita kwenye uchochoro mwembamba, inabeba abiria wawili au watatu kwa mtindo wa mshikaki, na dereva ana haraka ya kupata hesabu ya tajiri kabla jua halijazama.

Ajali zinazotokana na hali hiyo tunazijua. Tunasikia habari za kichwa kupasuka na mguu kuvunjika. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba barabara huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki. Lakini kuna jeraha moja linalotajwa mara chache sana, nalo ni kupasuka kwa kibofu cha mkojo. Halionekani kwa nje. Mgonjwa anaweza kuwa anaongea na kujibu maswali huku mkojo unavujia tumboni. Jeraha hili linatibika vizuri likigunduliwa mapema, na likichelewa linaweza kuua. Kinachotofautisha hali hizo mbili mara nyingi ni swali moja ambalo hata ndugu asiye na elimu ya udaktari anaweza kuuliza: tangu apate ajali, amekojoa? Na kama amekojoa, mkojo una rangi gani?

Kibofu hupasukaje?

Kibofu ni mfuko wa nyama unaotunza mkojo unaoshuka kutoka kwenye figo. Kwa mtu mzima huweza kubeba takriban nusu lita. Kikiwa kitupu hujikunja na kukaa chini kabisa, nyuma ya mifupa ya nyonga. Mifupa hiyo imeungana kama beseni, na kibofu hukaa ndani yake kikiwa kimelindwa. Kikijaa, hupanda juu ya beseni hilo na kuingia eneo la tumbo ambako hakuna mfupa wa kukikinga.

Kutokana na hali hizo mbili, kibofu hupasuka kwa njia kuu mbili.

Njia ya kwanza ni nyonga kuvunjika. Pikipiki inagongwa ubavuni, dereva anaangukia tairi la lori, au ukuta unamwangukia fundi. Mifupa ya nyonga inavunjika, na kibofu kilichoshikamana nayo kinachanika kwa kuvutwa au kwa kuchomwa na kipande cha mfupa. Hapo mkojo huvujia kwenye nyama za nyonga, nje ya eneo lenye utumbo. Hii ndiyo aina inayoonekana zaidi, takriban wagonjwa 6 kati ya 10 wenye kibofu kilichopasuka.

Njia ya pili ni kipigo cha tumbo wakati kibofu kimejaa. Hapa si lazima mfupa wowote uvunjike. Usukani wa pikipiki unamgonga mtu chini ya kitovu, anapigwa teke kwenye ugomvi, au anaanguka kutoka mtini. Kibofu kinapasuka upande wa juu kama puto, na mkojo unamwagikia kwenye utumbo. Hawa ni takriban 3 kati ya 10. Waliobaki huwa na majeraha ya aina zote mbili kwa pamoja.

Aina hii ya pili ina uhusiano mkubwa na pombe. Aliyekunywa kibofu chake hujaa upesi, na pombe humpunguzia hisia ya maumivu. Anaweza kuanguka usiku, akapelekwa nyumbani kulala, watu wakadhani ulevi tu. Kesho yake mchana tumbo limeanza kuvimba, hajakojoa, na yeye mwenyewe hakumbuki alipigwa wapi.

Msikilizaji wa kijijini asidhani hili ni jambo la mjini tu. Mfugaji anayechomwa pembe la ng'ombe chini ya tumbo, mchimbaji anayefukiwa na kifusi, mkwezi anayeanguka kutoka kwenye mnazi au mwembe, abiria wa basi lililopinduka: wote hao wanaweza kupata jeraha hili.

Dalili za kuangalia

Dalili kubwa kuliko zote ni damu kwenye mkojo, damu inayoonekana kwa macho. Mkojo unaweza kuwa mwekundu, wa rangi ya chai ya rangi, au wenye mabonge ya damu. Mtu aliyevunjika nyonga kisha akakojoa damu anapaswa kuchukuliwa kuwa ana jeraha la kibofu au la njia ya mkojo mpaka vipimo vionyeshe vinginevyo. Si kila aliyevunjika nyonga ana tatizo hili. Kati ya wagonjwa 100 wa nyonga, kati ya 5 na 10 hivi ndio hukutwa kibofu kimeumia. Lakini hao wachache ndio wanaosahaulika wakati macho yote yako kwenye mfupa.

Dalili nyingine ni hizi: mtu anahisi haja ya kukojoa lakini hatoi kitu, au anatoa matone tu, ana maumivu makali chini ya kitovu, tumbo linazidi kuvimba, ngozi ya sehemu za siri au ya mapaja inavimba na kuwa ya zambarau. Kwa mwanamume, tone la damu kwenye ncha ya uume ni onyo la pekee, na tutaeleza hapa chini kwa nini.

Jeraha likikaa siku moja au mbili bila kugundulika, mwili huanza kuunyonya tena mkojo uliomwagika tumboni. Uchafu ambao figo zilikuwa zimeshautoa unarudi kwenye damu. Mgonjwa anatapika, anakuwa mzito wa kuongea, na kipimo cha damu kinaonyesha kana kwamba figo zimeshindwa kazi, kumbe figo ni nzima na tatizo ni tundu kwenye kibofu. Maambukizi yakiingia, homa inapanda na tumbo linakuwa gumu kama ubao. Hapo hata upasuaji mzuri unaweza kuwa umechelewa.

Barabarani: kosa la kumkalisha katikati

Tuangalie dakika za mwanzo, kwa sababu hapo ndipo wengi huumizwa mara ya pili na watu wenye nia njema.

Ajali ikitokea, jambo la kawaida ni kumnyanyua majeruhi, kumkalisha kwenye bodaboda nyingine katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia nyuma, kisha mbio kwenda hospitali. Kwa aliyevunjika nyonga, hili ni hatari kubwa. Miguu inatanuliwa, mifupa iliyovunjika inasogea, na mishipa mikubwa ya damu iliyo ndani ya nyonga inazidi kuchanika. Kabla ya kibofu, kinachoua mgonjwa wa nyonga ni damu inayovuja kwa ndani. Mtu anaweza kupoteza damu nyingi mno bila tone kuonekana nje.

Lililo bora ni kumlaza chali, kumsogeza kidogo kadiri inavyowezekana, na kumfunga nyonga kwa kitenge, khanga au shuka. Kitambaa kipite kwenye makalio, usawa wa pale mapaja yanapoungana na kiwiliwili, si kiunoni. Kifungwe kikaze kiasi cha kushika mifupa pamoja, na magoti yafungwe pamoja pia. Abebwe juu ya ubao, mlango au machela ya miti, kisha alazwe kwenye gari lenye nafasi: bajaji ya mizigo, pikapu, chochote kinachoruhusu mtu kulala.

Msimwambie ajikamue ili akojoe. Msimpe dawa za kienyeji za kusafisha mkojo wala maji mengi kwa kudhani yatamsaidia kukojoa. Kama kibofu kimetoboka, mkojo wa ziada unaishia tumboni, na kama atahitaji upasuaji ni salama zaidi akiwa hajala wala kunywa. Akijikojolea njiani, angalieni rangi ya mkojo na mkumbuke saa. Taarifa hiyo ni ya thamani kwa daktari kuliko maelezo marefu ya jinsi ajali ilivyotokea.

Hospitalini: picha ipi inaona tundu?

Mgonjwa akifika, timu ya dharura huanza na yanayoua haraka: pumzi, damu, kichwa. Hilo ni sahihi. Baada ya hapo ndipo zamu ya kibofu inapofika, na hapa kuna jambo ambalo ndugu wengi hawalijui.

Eksirei ya kawaida huonyesha mifupa. Haionyeshi tundu la kibofu. Ultrasaundi inaweza kuonyesha maji tumboni, lakini haiwezi kusema kwa uhakika kama maji hayo ni damu au mkojo, na ikionyesha hali nzuri haimaanishi kibofu ni kizima. Hata mashine ya CT inaweza kupitwa na jeraha hili kama mgonjwa amepigwa picha huku kibofu kikiwa kitupu.

Kipimo kinachoaminika ni kukijaza kibofu. Daktari hupitisha mpira wa mkojo, kisha huingiza taratibu dawa maalumu inayoonekana kwenye picha, kwa mtu mzima angalau mililita 300, na picha hupigwa kibofu kikiwa kimejaa. Kwa eksirei, picha nyingine hupigwa baada ya dawa kutolewa. Dawa ikionekana imevuja nje ya kibofu, jibu limepatikana, na sura ya mvujo huonyesha umeingia upande gani. Kipimo hiki kinaweza kufanywa kwa CT, lakini kinaweza pia kufanywa kwa mashine ya kawaida ya eksirei. Hospitali ya wilaya yenye eksirei, dawa hiyo na mtu anayejua kuitumia inaweza kukifanya.

Kuna tahadhari moja. Kwa mwanamume mwenye damu kwenye ncha ya uume, huenda kilichochanika si kibofu bali ni njia ya mkojo yenyewe. Mpira ukisukumwa kwa nguvu unaweza kugeuza mchaniko mdogo kuwa njia iliyokatika kabisa. Kwa hiyo picha ya njia ya mkojo hupigwa kwanza. Ikionekana imeumia, mkojo unaweza kutolewa kwa mpira unaopitishwa kwenye ngozi ya tumbo chini ya kitovu, na ukarabati wa njia ukafanywa baadaye. Ndugu wakiambiwa "hatuwekei mpira sasa, tunasubiri picha", wasidhani ni uzembe.

Matibabu: si kila tundu linahitaji kisu

Mkojo ukiwa umevujia kwenye nyama za nyonga tu, mara nyingi kibofu hakihitaji kushonwa. Mgonjwa huwekewa mpira mnene unaotoa mkojo muda wote ili kibofu kibaki kitupu na kipumzike, na tundu hujifunga lenyewe. Hukaa na mpira kwa wiki 2 hadi 3. Kabla ya kuutoa, picha ya kujaza kibofu hurudiwa kuhakikisha hakuna kinachovuja. Upasuaji huhitajika kama kuna kipande cha mfupa ndani ya kibofu, kama shingo ya kibofu imeumia, kama uke au utumbo mpana wa chini umechanika pia, au kama tumbo linafunguliwa kwa sababu nyingine.

Mkojo ukiwa umemwagikia kwenye utumbo, kawaida ni kupasua. Tumbo linafunguliwa, linasafishwa, viungo vingine vinakaguliwa, na kibofu kinashonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka. Ni upasuaji ambao daktari mpasuaji wa kawaida anaweza kuufanya. Hauhitaji kumsubiri bingwa kutoka mbali kama mgonjwa anazidiwa. Waliochomwa kisu, pembe au risasi nao kwa kawaida hupasuliwa.

Wiki za mpira ni wiki ngumu nyumbani, hasa kwa kijana aliyezoea kujitegemea. Mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote, akiwa amelala au anatembea. Ncha ya njia ya mkojo ioshwe kwa maji safi na sabuni kila siku. Anywe maji ya kutosha kama daktari hajamzuia. Mkojo ukiacha kuingia kwenye mfuko, damu ikiongezeka au homa ikianza, arudi kituoni siku hiyohiyo. Na mpira usitolewe nyumbani, wala na muuza dawa wa mtaani, kwa sababu tu umechosha. Una puto ndani linaloushikilia; ukivutwa bila kulitoa maji, unachana njia ya mkojo.

Kwa wanawake, jeraha lina mlango mwingine

Wanawake nao wanapanda bodaboda na mabasi, na nyonga zao huvunjika vilevile. Lakini kwao kibofu huumia pia wakati wa uzazi. Uchungu ukikaa muda mrefu bila msaada, kichwa cha mtoto hukibana kibofu dhidi ya mfupa, nyama inakosa damu na kufa, na siku kadhaa baadaye tundu linafunguka. Hiyo ndiyo fistula. Kibofu kinaweza pia kukatwa kwa bahati mbaya wakati wa upasuaji wa kutoa mtoto au mfuko wa uzazi. Kikigunduliwa palepale na kushonwa, mara nyingi hupona.

Mama anayevuja mkojo bila kuweza kuuzuia baada ya kujifungua hana laana na hajafanya kosa. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, hutibu fistula bila malipo. Tangu mwaka 2009 hospitali hiyo imetumia M-Pesa kutuma nauli kwa mabalozi wake walio vijijini, ili mgonjwa asibaki nyumbani kwa sababu ya kukosa pesa ya basi. Tunautaja mfano huu kwa sababu unatupa funzo tutakalolirudia.

Kutoka barabarani hadi kitandani

Aliyeumia Vingunguti ana vituo kadhaa karibu. Kuna zahanati na vituo vya afya vya jirani, kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Amana palepale Ilala, na juu yake kuna Muhimbili, ambayo mwaka 2010 ilifungua idara kamili ya magonjwa ya dharura, na Taasisi ya Mifupa MOI iliyo kwenye eneo hilohilo. Kwa umbali wa kilomita, huyu yuko karibu na msaada kuliko Watanzania wengi.

Hata hivyo anaweza kupoteza saa nyingi. Saa ya kwanza huisha kutafuta gari. Nyingine huisha kwenye kituo kidogo ambacho hakiwezi kumpiga picha. Kisha inakuja fomu ya polisi, PF3. Fomu hiyo ni muhimu: ndiyo kumbukumbu ya jeraha kwa ajili ya kesi na madai ya bima. Lakini kazi yake ni kuhifadhi ushahidi. Ushauri wetu ni mgawanye kazi. Mtu mmoja aende na majeruhi moja kwa moja hospitali, mwingine aende kituo cha polisi kuifuatilia. Msimzungushe mwenye nyonga iliyovunjika kutoka kituo hadi kituo kwa ajili ya karatasi.

Baada ya hapo ni pesa. Kipimo, damu, upasuaji, wiki za kitandani, nauli ya ndugu kutoka mkoani. Kijana wa bodaboda hana mwajiri wa kumlipia, na familia huanza kuchangishana kwenye kundi la simu au kuuza mbuzi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na swali la kila kijana anayeshika usukani linapaswa kuwa kama yumo ndani ya bima hiyo au la. Vilevile sheria inataka kila chombo cha moto barabarani kiwe na bima ya mtu wa tatu. Bima hiyo ipo kwa ajili ya watu wanaoumizwa na chombo hicho. Kabla ya kukubali "tumalizane hapahapa" kwa shilingi elfu hamsini, pigeni picha ya namba ya gari au pikipiki kwa simu. Jeraha la kibofu huenda lisionekane mpaka kesho, na aliyekwishapokea hela na kuondoka hana wa kumdai.

Kwa msikilizaji wa mikoani, hesabu ni ya umbali. Kati ya kijiji na hospitali ya rufaa kunaweza kuwa na saa kadhaa za barabara ya vumbi. Lakini hali imebadilika kidogo. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19, uliotangazwa Oktoba 2021, ulitumika pia kununua mashine za CT kwa hospitali za rufaa za mikoa na kujenga majengo ya wagonjwa wa dharura. Kwa majeraha magumu zaidi kuna Bugando Mwanza, KCMC Moshi, Benjamin Mkapa Dodoma na hospitali ya kanda Mbeya. Vifaa vimesogea. Swali ni kama mgonjwa anavifikia kwa wakati, na kama anayemwona wa kwanza anakumbuka kuuliza kuhusu mkojo.

Kinachokosekana ni kiungo

Tanzania tayari inajua jinsi ya kuunganisha simu, gari na hospitali. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na ambao mwaka 2022 serikali ilizindua usambazaji wake nchi nzima, unamwezesha mjamzito, mama aliyetoka kujifungua au mtoto mchanga kupata usafiri wa dharura kwa kupiga 115 bila malipo. Anayepokea simu hupima uzito wa tatizo, huamua kituo kinachofaa, na gari la wagonjwa likikosekana humtuma dereva wa kijamii ambaye hulipwa kwa simu.

Fikirini mfumo huohuo ukimhudumia aliyevunjika nyonga. Dereva angekuwa anajulikana na angekuwa na gari la kumlaza mtu. Mpokea simu angewaambia mfungeni kitenge hapa, msimkalishe, na angemwelekeza mahali penye eksirei, damu na mpasuaji, badala ya familia kubahatisha. Hospitali ingejua anakuja. Pesa ya mafuta isingesubiri mchango wa ndugu.

Tunajua majibu yatakayotolewa: majeruhi ni wengi, bajeti ni ndogo, na mfumo wa akina mama usije ukalemewa. Ni hoja za kweli, na hatupendekezi kumnyang'anya mjamzito gari lake. Lakini gharama ya kutofanya kitu nayo ipo, ila hailipwi na hazina. Inalipwa na kaya. Kijana aliyepona vizuri baada ya wiki tatu za mpira anarudi kazini nyonga ikishaunga. Aliyecheleweshwa siku tatu analazwa muda mrefu, anafanyiwa upasuaji zaidi ya mmoja, na mara nyingine hubaki na njia ya mkojo iliyoziba, inayomrudisha hospitali mwaka baada ya mwaka. Mzazi wa kijijini aliyekuwa akitumiwa pesa kila mwezi sasa ndiye anayetuma.

Wakati tukisubiri hatua kubwa, zipo ndogo zisizohitaji bajeti mpya. Vijiwe vya bodaboda, ambavyo tayari vina viongozi na michango ya kuzikana, vinaweza kuweka shuka moja, ubao mmoja na namba ya dereva wa pikapu wa jirani. Serikali za mitaa na vijiji zinaweza kuwafundisha wanachama wao kufunga nyonga kwa nusu siku. Vituo vya afya vinaweza kuandika kwenye kila karatasi ya rufaa ya ajali: amekojoa saa ngapi, mkojo wa rangi gani. Wabunge na madiwani nao waulizwe kuhusu usafiri wa majeruhi kama wanavyoulizwa kuhusu barabara.

Hifadhi haya kwenye simu yako

Kojoa kabla ya kupanda bodaboda au basi la safari ndefu. Kibofu kitupu kimelindwa na mfupa; kilichojaa hakina kinga. Dereva naye asibane mkojo kwa saa nyingi kwa kukimbiza hesabu.

Aliyeumia nyonga alazwe, asikaliwe katikati kwenye pikipiki. Mfungeni kitenge usawa wa makalio, na magoti pamoja.

Angalieni mkojo. Damu inayoonekana, au kushindwa kukojoa baada ya ajali, kipigo au kuanguka, ni sababu ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama mtu anatembea.

Hospitalini ulizeni kwa heshima: "Daktari, na kibofu je, kimeangaliwa?" Kama mkojo una damu na nyonga imevunjika, ulizeni kama picha ya kujaza kibofu itapigwa hapo au rufaa inahitajika.

Mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga wakipata dharura, piga 115. Polisi ni 112.

Mtumie ujumbe huu ndugu yako anayeendesha bodaboda, awe Vingunguti au kwenye senta ya kijijini kwenu. Kisha muulize kama kijiwe chao kina shuka.